Ua la Mkono wa Kushoto

Mtaani kwetu sidhani kama kuna anayekumbuka jina la wifi yangu. Wote wanamwita Cherehani, na hawakumpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake tu. Mwanamke alikuwa na kasi. Ukipita barazani kwake unamkuta anakanyaga mashine, pini zimejaa mdomoni, na bado anakujibu, anakutania, anakuuliza mumeo kapona mgongo au bado anadeka, na kabla hujamaliza kujibu suruali uliyoileta imeshakunjwa, iko mkononi mwako. Mimi nilikuwa mpishi wa shule mpaka nikastaafu, nimezoea kuwafokea watu wavivu, lakini huyo hakuwahi kunipa nafasi. Iliniuma kidogo, sikatai.

Aliolewa na kaka yangu tukiwa wasichana bado. Mawifi wengi huchekeana kwa meno tu, na sisi tulianza hivyohivyo. Siku alipokuja kwetu mara ya kwanza alilitazama gauni langu jipya, nililokuwa nalionea fahari, akaniuliza, "Wifi, huyu aliyekushonea mna ugomvi gani?" Nilimnunia wiki nzima. Halafu akalichukua kwenye kamba bila kuniomba, akafumua mabega, akalirudisha linanikaa kama nilizaliwa nalo. Kuanzia hapo tukawa chanda na pete. Kaka alipotutoka tulibaki wawili, nyumba zetu zinatazamana, na binti yake mmoja katikati akila kotekote.

Huyo binti ndiye aliyekuwa akimvimbisha kichwa mama yake. Alisomea upimaji wa ardhi, akapata kazi mji wa mbali, huko milimani kwenye baridi, anabeba chombo chake chenye miguu mitatu akipima zitakapopita barabara. Cherehani hakuielewa sana kazi yenyewe, ila hakuna mteja aliyeondoka bila kuisikia. "Barabara haijui pa kupita mpaka mwanangu aionyeshe," alikuwa akisema, huku anamvuta mtu kiuno kumpima.

Ni hiyo baridi ya milimani iliyomfanya aanze kumshonea binti yake mfarishi, yaani lile shuka nene la tabaka mbili lenye pamba katikati, upande wa juu wote ukiwa ni vipande vya mraba vilivyoungwa. Vipande alivitoa kwenye masalio ya kazi zake: pembe ya pazia la mtu, mkono wa sare ya nesi, mfuko wa koti la mzee fulani aliyebadilisha nia. Katikati aliacha nafasi ya kipande kimoja kikubwa kuliko vingine.

"Hapo patakaa ua," aliniambia. "Na si la kuchora, wifi. La kupandisha tabaka juu ya tabaka, mpaka mtoto akilipapasa usingizini ajue ni ua."

Kabla hajalianza, kiharusi kikamkuta mashineni. Ilikuwa asubuhi, ananisimulia habari za bwana mmoja aliyetaka suruali ya mwaka aliooa ipanuliwe imtoshe tena. Mara nikaona kitambaa kimeacha mstari, kinakwenda upande. Nikamwambia, "Wewe, unashona wapi huko?" Akaniinulia uso, na mdomo wenyewe ulikuwa umekwenda upande. Nilipiga ukelele uliowatoa majirani wote nje.

Hospitali walimrudisha akiwa hai, na hilo namshukuru Mungu kila nikiamka. Mdomo ulikuwa wa kwanza kupona, wala sikushangaa. Mguu ukafuata, kwa msaada wa mkongojo. Lakini mkono wa kulia, ule wa mkasi na sindano, ulibaki unaning'inia kama soksi iliyoanikwa. Ukiubana hausikii. Ukiuinua unaanguka.

Binti akarudi nyumbani kumuuguza mama yake. Alimlisha, akamfunga vifungo, akamchana nywele, akamwosha, na yote aliyafanya bila kukunja uso. Mkubwa wake wa kazi alimpigia simu akamwambia atamshikia nafasi kwa muda, ila barabara mpya ikianza kupimwa kabla hajarudi, nafasi itakwenda kwa mwingine. Binti alimjibu vizuri kwenye simu. Alipokata, akatuambia, "Siendi popote. Mama hawezi hata kufunga kamba ya kiatu."

Mama yake alikuwa amekaa palepale, anasikia. Hakusema neno, na kwa Cherehani kunyamaza ni ugonjwa wa pili. Baraza lilikuwa kimya. Wateja walikuja kumjulia hali, wakamletea matunda, na nguo zao wakazipeleka kwa mafundi wengine. Walizungumza naye kwa sauti kubwa na pole kama wanaoongea na kiziwi. Wengine waliniuliza mimi mbele yake, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nikawajibu, "Muulizeni, masikio hayakupooza." Nilikuwa na hasira na dunia nzima siku hizo.

Kitu kilichonipa moyo ni kwamba mkono ule aliupa jina. Aliuita Mgeni. "Umekuja, umekaa, haufanyi kazi, na adabu hairuhusu kuufukuza." Asubuhi akitoka nje ataunyanyua kwa mkono wa kushoto, auweke mapajani, auulize, "Mgeni, umelalaje?" Binti hakucheka. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, maana nilijua fundi wangu bado yumo ndani.

Siku moja binti alikuwa anapanga kabati akautoa mfarishi, akaukunjua kitandani. Nafasi ya katikati ilikuwa wazi. Akasema atakata kitambaa cheupe apachike hapo, yaishe.

"Weka chini," mama yake akamwambia.

"Mama, ni kipande kimoja tu. Nitashona mimi."

"Nimesema weka. Hapo ni pa ua, na ua nitalishona mwenyewe." Kisha akamtazama binti yake machoni, kama alivyokuwa akiwatazama wateja wanaochelewesha kupimwa. "Na tuelewane. Siku ua likikaa hapo, wewe unarudi kazini. Asiliguse mtu. Wewe wala shangazi yako."

Binti akanigeukia. Nilijua anataka nimwambie mama yake aache utani. Lakini ule haukuwa utani. Nikamwambia, "Umemsikia. Mimi mwenyewe nimekatazwa."

Ua la tabaka si kazi ya kuanzia mtu asiye na mkono. Kwanza unatengeneza kiolezo cha petali kwa karatasi ngumu ya boksi. Halafu unakata petali kubwa za chini, za rangi iliyokolea, unazipanga duara juu ya kitambaa cha mraba, unazishikiza kwa bandi, ule mshono mrefu wa muda. Kisha unakunja ukingo wa kila petali kwa ncha ya sindano, kidogokidogo, na kuushona chini kwa mishono isiyoonekana. Juu yake zinakuja petali ndogo, zinakaa kwenye mianya ya zile za chini. Juu tena ndogo zaidi. Mwisho kitufe cha kitambaa katikati, ndio moyo wa ua. Kwa mikono miwili iliyozoea ni kazi ya siku chache za kukaa na kupiga soga.

Yeye alianza na kutunga uzi. Hapo tu palimtoa jasho. Akishika sindano, hana wa kushika uzi. Akishika uzi, sindano iko mezani imelala inamcheka. Nilikaa mbele yake nimekalia mikono yangu miwili, maana ilikuwa inawasha. Mwishowe akaniambia nimletee kipande cha sabuni ya kufulia. Akaisimika sindano kwenye sabuni, tundu juu, akailowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaingiza. Ilikubali.

"Umeona?" akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Huyu sabuni ana adabu kuliko Mgeni."

Mkasi nao ulimgomea. Mkasi wa mkono wa kulia ukiutia mkono wa kushoto unatafuna kitambaa badala ya kukikata, kinatoka na meno kama kimegugunwa na panya. Alijaribu, akatukana tusi ambalo sitaliandika, akajaribu tena. Kisha akautupa mkasi kitandani akachukua wembe. Alitandaza kitambaa juu ya ubao wa jikoni, akaweka kiolezo juu, na juu ya kiolezo akamlaza Mgeni, kiganja chini, na uzito wake wote.

"Kaa hapo," akauambia mkono. "Leo umepata kazi."

Akazungusha wembe kando ya karatasi, taratibu, na petali ya kwanza ikatoka. Aliishika juu kwenye mwanga wa dirisha akaigeuza. Katika ujana wake nimemwona akikata gauni zima la harusi bila kuchora mstari, hakulitazama hivyo.

Tabaka la chini lilikwenda vizuri, kwa mwendo wa konokono lakini vizuri. Tabaka la pili ndilo lililotuharibia. Unajua, fundi anaposhona kwa mkono, kidole cha mkono mwingine hukaa chini ya kitambaa kuipokea sindano. Kikiguswa na ncha, fundi anajua sindano imepenya mpaka nyuma, anairudisha juu. Hiyo mtu hafikirii, ni mazoea. Basi siku hiyo Cherehani alikuwa amenogewa na kazi, anaimba kwa pua, na kwa mazoea akamtia Mgeni chini ya kitambaa. Akashona petali nzima hivyo. Mgeni hakusema kitu. Binti alipoleta chai ndiye aliyeiona damu, imelowesha petali ya njano na kushuka mpaka kwenye gauni la mama yake. Kidole kilikuwa kimedungwadungwa kama andazi linalojaribiwa kama limeiva.

Binti aliweka chai chini, akapiga magoti, akakifunga kile kidole kwa leso. Mama yake hakuwa anasikia maumivu yoyote, na nadhani hilo ndilo lililomvunja moyo mtoto.

"Imetosha," akasema. "Mama, imetosha. Kesho nampigia bosi, nafasi ampe mtu mwingine."

"Hutampigia."

"Nitaondokaje? Unajichoma na hujui! Siku nyingine itakuwa jiko, itakuwa maji ya moto. Nani atakwambia?"

Cherehani aliitoa ile petali yenye damu, akaiviringisha, akaitia mfukoni. Mimi nilikwenda zangu nyumbani nikalia jikoni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana wote wawili walikuwa na haki.

Kesho yake nilimkuta ameshapata njia. Alikuwa ameniwahi hata kuamka. Alikata kipande cha godoro kuukuu, akakifunga kwenye ukingo wa meza kwa kamba, akapachika kitambaa juu yake kwa pini. Sindano inaingia kwenye sifongo na kutoka upande uleule, kidole hakitakiwi chini. Mgeni alikuwa amelazwa juu ya kitambaa, mbali na hatari, kazi yake kukizuia kisiteleze. Na binti hakupiga simu. Alikaa mlangoni akimtazama mama yake akikunja ukingo wa petali mpya, na sikuweza kujua anawaza nini.

Nilijua baadaye. Siku ya kwenda kwenye mazoezi ya mguu, mimi ndiye niliyempeleka Cherehani hospitali, binti akabaki nyumbani. Tuliporudi, wifi yangu hata hakuvua viatu, akaenda moja kwa moja mezani. Tabaka la tatu lilikuwa limeshikizwa nusu tulipoondoka. Sasa lilikuwa limesonga mbele, na ile petali aliyokuwa ameipinda asubuhi ilikuwa imenyooka. Nami niliona, nikajifanya kushughulika na mkoba. Nilisema moyoni, huenda asitambue.

Asitambue! Alipitisha dole gumba juu ya mishono mara moja tu, akakaa.

"Mwanangu, njoo hapa."

Binti akaja, anapangusa mikono.

"Nani kashona hapa?"

"Si wewe, mama?"

"Mishono yangu siku hizi inalalia huku, kwa sababu nashona kwa kushoto. Hii imelalia kule. Na imepangwa sawasawa. Mimi siku hizi sina mshono uliopangwa sawasawa." Hakupandisha sauti hata kidogo. Alichukua sindano, akaanza kufumua. Palipokuwa pagumu aliinama akakata uzi kwa meno.

"Mama, acha. Nilitaka ufurahi tu. Nilitaka umalize."

"Nifurahie kazi yako? Nitaifurahia sana, nishonee ua lako siku nyingine nitalivaa kichwani. Hili ukilimaliza wewe, mimi umenishona na kitanda."

Binti akaanza kulia. "Na ukishindwa je?"

"Nikishindwa, nishindwe mimi. Wewe usishindwe kwa niaba yangu. Ukikosa ile kazi kwa sababu ya mkono huu, mwanangu, nitauchukia. Kila siku nitauamkia na kuuchukia. Sasa hivi angalau nauchekea."

Nilikuwa nimesimama na mkoba begani kama mjinga. Nilimtazama yule mwanamke ameinama, meno yake kwenye uzi, anaharibu mishono mizuri ili arudishe ile yake mibaya, na nilimheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu. Nilijisikia fahari kwamba kaka yangu ndiye aliyemleta nyumbani kwetu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa. Binti alijifunza kukaa mbali, na nilimwona jinsi ilivyomgharimu. Alikuwa akitoka nje kabisa mama yake akianza kuhangaika na fundo. Petali za tabaka la tatu zilikwisha. Zile ndogo za juu zilimsumbua kuliko zote, kwa sababu kadiri kitambaa kinavyokuwa kidogo ndivyo mkono mmoja unavyokuwa mkubwa. Alizishona, akazifumua, akazishona tena. Siku ya kuweka moyo wa ua hatukuambiwa. Tulimsikia tu anaita, na tulipofika tulimkuta ameegemea kiti, sindano imechomekwa kifuani kwenye gauni, mahali pake pa zamani.

Nitasema kweli, halikuwa limenyooka. Petali moja ilikuwa nene, nyingine imeinama kama inasikiliza jirani, na upande mmoja mishono ilionekana waziwazi. Lakini lilikuwa limesimama juu ya kitambaa, tabaka juu ya tabaka, rangi ya mvinyo chini, kisha njano, kisha rangi ya chungwa, kisha nyeupe. Nimeshaona maua yake ya zamani, petali zote sawa kama vikombe vya seti moja, na sikuwahi kutamani kuyagusa. Hili nililigusa bila kuombwa, na vidole vyangu vilitambua kila tabaka.

Binti naye alilipapasa. "Mama, limepinda," akasema.

"Limepinda, na ni langu. Kapange nguo zako."

Katika kazi ya kuliunga katikati ya mfarishi niliruhusiwa kushika ncha moja, nayo ni kushika tu. Kisha binti akampigia simu mkubwa wake. Sikusikia upande wa pili, lakini nilimwona amefunga macho, halafu amefumbua, halafu anasema asante, asante sana. Barabara ilikuwa bado haijaanza.

Hata hivyo alikuwa na hofu. Siku zote za kujiandaa alimwonyesha mama yake mambo kama mtoto mchanga: jiko linazimwa hivi, namba ya simu ya shangazi iko hapa, maji ya moto usibebe. Alinivuta pembeni kila saa kuniagiza upya aliyokwisha kuniagiza. Cherehani aliitikia yote. Nilimwona usoni kwamba hilo lilikuwa linamchosha kuliko ua. Ua lilikuwa limekwisha, binti alikuwa anaondoka, na bado mbele ya macho ya mtoto wake alikuwa ni mgonjwa.

Asubuhi ya safari, gari la ofisini lilikuja mapema kuliko walivyoahidi. Basi nyumba ikawa vurugu. Begi halifungi kwa sababu ya mfarishi, kiatu kimoja hakionekani, chaja imesahaulika ukutani. Cherehani alikuwa amekaa barazani, Mgeni mapajani, anatazama pilikapilika. Binti alivaa koti lake la kazi, akavuta ili alifunge, na kifungo cha juu kikakatika, kikaruka, kikabingirika hadi miguuni kwangu.

Alikiokota akikimbia. Akavua koti, akamtupia mama yake mapajani, na kifungo juu yake.

"Mama, nishonee hicho haraka, gari hilo!"

Na akarudi ndani mbio kutafuta kiatu.

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kulichukua lile koti. Nikaurudisha. Sidhani kama mtoto alijua amesema nini. Alikuwa amechelewa, kifungo kimekatika, na mama yake ni fundi. Alifanya kama alivyofanya tangu anaanza shule.

Cherehani alilitazama koti. Kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Wifi, umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Ati haraka!"

"Nimemsikia, wifi. Wateja wa siku hizi hawana subira."

Akacheka, machozi yanamshuka hadi kidevuni, akachomoa sindano kifuani. Dereva akapiga honi. Akapiga tena, ndefu. Nikajifunga khanga vizuri kiunoni, nikatoka hadi getini, nikamwambia azime injini asubiri, fundi yuko kazini.